Mvua ya Kitaura Sumie

Kwa miaka ishirini na sita, kila mvua iliyonyesha ndani ya katuni za Mwalimu Tokonami ilitoka mkononi mwa Dada Sumie, na nje ya chumba chetu cha kazi hakuna aliyelijua hilo.

Mimi nilifika pale mwaka 2005, nikapewa meza inayotazamana na yake. Kazi yangu ilikuwa majengo: mapaa, ngazi, vibaraza, madaraja ya mbao. Mwenzetu Nogami alijaza wino mweusi na kubandika karatasi za madoa yanayofanya kivuli. Mwalimu alichora watu, na nyuso hakuna mwingine aliyezigusa. Ndivyo kazi hii inavyokwenda Nerima nzima, mtaa wa wachora katuni wa Japani: jina kwenye jalada ni moja, mikono ni mingi. Hadithi yetu ilimhusu fundi wa kuziba masufuria anayetembea kwa miguu kutoka mlima hadi mlima, na kwa kuwa hakuwa na nyumba, alinyeshewa karibu kila sura.

Dada Sumie alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayefunga mikono ya shati kwa mpira ili isiburute wino. Ukimletea ukurasa ambao Mwalimu ameandika "mvua" kwa penseli ya buluu, alichovya kalamu ya chuma, akashusha pumzi, kisha akavuta mistari kwa haraka kutoka juu kwenda chini, mamia kwa mamia, bila rula, kila mmoja mnene mwanzoni na mwembamba kama unywele mwishoni. Halafu akageuza ukurasa kichwa chini na kuchora matone yanayoruka kutoka ardhini. Hapo ndipo watu walipopapenda. Alizaliwa Owase, mji uliobanwa kati ya bahari na milima ya mierezi, na kwao mvua hupiga chini kwa nguvu hadi ikaruka tena juu na kukulowesha magoti huku mwavuli umeushika.

Wakati mmoja alikuja mwandishi wa gazeti kumhoji Mwalimu. Akamuuliza siri ya ile mvua.

"Sina siri," Mwalimu akasema. "Nakaa dirishani, natazama tu."

Dada Sumie ndiye aliyekuwa akimimina chai ya shayiri. Akaweka vikombe, akainama, akarudi mezani kwake. Mgeni alipoondoka nilimuuliza kama hakuumia.

"Niumie kwa nini?" akasema. "Wewe mapaa yako yote hayo, kuna hata moja unaloishi chini yake?"

Mwaka 2014 karatasi za madoa tulizozizoea zikaanza kuadimika madukani, na mhariri wetu, Bwana Shimazu, akaja na ombi la jarida: kuanzia majira ya kuchipua, kurasa zitumwe kwa kompyuta. Mwalimu hakubishana. Alinunua kompyuta nne na vioo vya kuchorea, vile ambavyo unachora moja kwa moja juu ya picha kwa kalamu isiyo na wino. Kwa kuwa mimi nilikuwa nikitumia programu ya kuchorea katuni nyumbani, kwa vihadithi vyangu visivyosomwa na mtu, nikawa mwalimu wa wakubwa zangu.

Nogami aliielewa kwa siku tatu. Madoa aliyokuwa akiyakata kwa kisu na kuyabandika kwa vidole sasa aliyamwaga kwa mguso mmoja, akawa anacheka peke yake. Mwalimu alipenda yale matabaka, kwa sababu aliweza kuweka mtu kwenye tabaka moja na nyumba kwenye jingine, kama karatasi zinazoonyesha zilizolaliana, akamsogeza mtu bila kuibomoa nyumba.

Dada Sumie ndiye aliyeteseka. Siku ya kwanza nilimkuta ameikuza picha mpaka kioo kizima kimejaa kitu kimoja kirefu cheusi.

"Dada, unachora nini?"

"Mvua."

"Mvua gani? Hilo ni tango."

"Ni tone. Nikilimaliza nakwenda la pili."

"Na yapo mangapi?"

Akahesabu kwa macho. "Kama mia nne hivi."

Nikaipunguza picha ionekane yote. Matone yake yalikuwa sindano, zote sawasawa, zimenyooka kama zimepangwa dukani. Programu ilikuwa na kitu cha kunyoosha mkono, kinachoondoa mtetemo kwenye mstari, na hakuna aliyemwambia kwamba kimewashwa.

"Mvua hii imetoka kwa kinyozi," Nogami akasema kutoka mezani kwake.

Tukakizima. Hapo likaja tatizo la pili, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Kwenye karatasi, ukiharibu mstari wa mia tatu unaishi nao, unaufunika kwa mwingine, na mara nyingi huo ulioharibika ndio unaoipa mvua upepo. Ndani ya programu kulikuwa na kitufe cha kutengua. Alivuta mstari, akautazama, akautengua. Akavuta tena, akautengua. Mchana wote ukaisha na kisanduku kimoja hakijajaa.

"Iwase," akaniita kwa jina, "hivi naweza kurudi nyuma mara ngapi?"

"Mara nyingi utakavyo, Dada."

Aliiweka kalamu chini taratibu. "Basi sitamaliza kamwe."

Nilidhani nampa dawa nilipomwonyesha kwamba mtu anaweza kutengeneza brashi yake mwenyewe. Unachora kitu kwenye karatasi, unakiingiza kwenye kompyuta, unaiambia programu kwamba hiki ndicho kinachotoka kwenye kalamu. Ukivuta mara moja kinatoka kingi, kimetawanyika, kimeinama unavyotaka.

Alisikiliza hadi mwisho. "Yaani nichore siku moja tu, halafu mashine ndiyo iwe inanyesha?"

"Ndiyo."

Hakuniuliza tena. Kwa wiki kadhaa aliendelea kuchora mvua kwenye karatasi, nami nikaiingiza kwenye kompyuta na kuiweka juu ya kurasa zetu. Kazi ilichelewa, Bwana Shimazu akapiga simu.

Mwezi wa sita mama yake Dada Sumie alifariki. Alikuwa na miaka themanini na nane, alikuwa akiishi peke yake Owase. Dada Sumie akaenda kuzika, na baada ya wiki tatu akarudi tena huko kuifunga nyumba, kwa sababu hakuna ndugu aliyebaki wa kuichukua. Siku tano alizokaa kule mvua haikukatika. Vyombo vilikuwa vimeshafungwa, lori halikuweza kuja kwa sababu barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa, akawa hana la kufanya. Alikuwa na kalamu zake na karatasi kwenye begi. Akakaa kwenye kibaraza cha mama yake, miguu ndani, uso nje, akachora.

Aliporudi aliniwekea mezani karatasi thelathini na nane, hazina mtu wala nyumba.

"Nionyeshe tena ile ya brashi," akasema.

Ilituchukua siku zote za mapumziko za mwezi wa saba. Alikuja kwangu asubuhi na wali uliofungwa kwa mwani, tukakaa mbele ya kompyuta yangu huku mke wangu akipita na kutusimanga kwamba nje kuna jua zuri na sisi tunatengeneza mvua. Zikatoka brashi saba. Moja ilikuwa manyunyu ya asubuhi, moja mvua ya upepo wa bahari, moja ile inayoruka kutoka chini, na moja ambayo niliona haina kitu, mistari michache, mirefu, imeachana.

"Hii ya nini?"

"Inakaribia kukatika. Mama alikuwa akisikia hii anaanza kutafuta viatu."

Ndipo akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia kwa miaka tisa. Mama yake alikuwa akinunua kila kitabu cha Mwalimu Tokonami kilichotoka. Kila mara aliuliza kwa simu: wewe umechora wapi? Dada Sumie akamjibu: mvua. Mama akawatembezea majirani kile kitabu, akawaambia mwanangu ndiye anayetengeneza hii mvua, na majirani wakacheka, wakidhani bibi ameanza kupotewa na akili. Jina la mwanawe halikuwemo popote.

Programu ile ina ghala lake, ambamo watumiaji huwekeana brashi na vifaa vingine walivyotengeneza. Akataka tuziweke humo.

"Bure?" nikauliza.

"Mvua? Wewe umewahi kusikia wapi inauzwa?"

Ghala liliuliza jina la mtengenezaji. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akaacha hivi, kwa jina la ukoo wao: Binti wa Kitaura, Owase.

Ofisini naye akaanza kuzitumia, lakini kwa mvua ya mbali tu, nyuma ya milima. Ya karibu aliendelea kuichora mstari kwa mstari. Kazi ikaenda, Mwalimu akaridhika, hakuuliza imefanyikaje.

Kufikia majira ya kupukutika watu elfu kadhaa walikuwa wamezichukua. Hiyo namba haikumwingia akilini. Kilichomwingia ni barua. Mtu mmoja wa Keelung, Taiwani, aliandika kwa Kijapani cha kuokoteza kwamba kwao mvua inanyesha hivyohivyo, akauliza kama Owase nako nguo hazikauki. Muuguzi mmoja wa Sapporo, anayechora katuni siku za mapumziko yake, aliandika kwamba alikuwa na ukurasa mmoja uliomshinda kwa mwaka mzima, wa siku baba yake alipoihama nyumba yao. Alikuwa amemchora baba na mlango, basi, ukurasa ukabaki mkavu. Alipoiweka ile mvua inayokaribia kukatika, akaweza kuendelea.

Dada Sumie alinitaka nimsomee hiyo mara mbili, ingawa macho yake yalikuwa mazima.

"Hajui mimi ni nani," akasema.

"Hajui."

"Na mimi simjui baba yake." Akatikisa kichwa. "Ajabu, eh?"

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, mchana, tukila tambi, Bwana Shimazu akaingia na barua kutoka kwa msomaji wa jarida. Alikuwa amejaribu kuifanya iwe mzaha, lakini sauti yake haikukaa sawa. Msomaji alilalamika kwamba amekuwa mfuasi wa Tokonami tangu ujana wake, na sasa amevunjika moyo. Mzee amechoka, aliandika. Anaokota mvua ya bure mtandaoni, ya mtu anayejiita Binti wa Kitaura, na kuibandika kwenye kazi yake akidhani hatujui. Alikuwa ameambatanisha picha mbili, moja ya ukurasa wetu na moja ya ghala, akizizungushia duara nyekundu.

Nogami alipaliwa na tambi. Alitaka kucheka, akamwona Mwalimu, akanywa maji.

Mwalimu aliisoma barua yote. "Kitaura. Huyu ni wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umegawa mvua yangu."

Dada Sumie aliweka vijiti vyake sambamba juu ya bakuli. "Ile niliichora kwetu, Mwalimu. Kwenye kibaraza cha mama."

"Kwa mkono uliofunzwa hapa."

"Ni kweli."

"Basi iondoe huko. Leo."

Nilingoja aseme ndiyo, kama alivyosema ndiyo kwa kila jambo tangu nimjue. Akasema, "Naomba siku mbili nifikirie."

Mwalimu alitoka, akafunga mlango wa chumba chake kwa upole, na upole huo ulitutisha kuliko kelele.

Sipendi kumsimulia Mwalimu kama mtu mbaya, maana hakuwa hivyo. Nogami alipougua mapafu, Mwalimu alikwenda kumsomea magazeti hospitalini kila Jumapili. Mimi alinipa likizo nilipopata mtoto, wiki mbili tukiwa na kurasa za kupeleka, akachora mapaa yeye mwenyewe, tena vibaya. Hata siku ile nilimwelewa. Mtu ametunga milima, njia, mtu wa kutembea ndani yake, na sababu ya yeye kunyeshewa. Kisha aone maji yale yale yanawamwagikia watu asiowajua, ndani ya hadithi asizozijua. Lakini nilimwelewa Dada Sumie pia, na nilipojaribu kuwaweka kwenye mizani, siku zote mbili, mizani ilikataa kutulia.

Siku ya pili Dada Sumie alifika kabla yetu. Nilipoingia nilimkuta amepiga magoti sakafuni, amevuta droo kubwa za chini tunamotunza kurasa za zamani, na amezitandaza kuanzia sura ya kwanza. Mwalimu akatoka chumbani mwake na ndara zake.

"Unatafuta nini?"

"Mvua ya kwanza, Mwalimu. Nataka kujua kama niliikuta au nilikuja nayo."

Nilidhani atamfukuza. Akasimama, akatazama, kisha akashika ukingo wa meza akajishusha naye sakafuni, magoti yakilia. Wakaanza kupitia, yeye akishika ukurasa, Dada Sumie akishika unaofuata.

Sura ya kwanza ilikuwa na mvua. Ilikuwa imepigwa kwa rula, mistari iliyonyooka, na mahali fulani wino ulichuruzika ukafunikwa kwa rangi nyeupe. Ya pili ilikuwa hivyohivyo. Kwenye sura ya tatu, ukurasa wa kumi na moja, fundi amejibanza chini ya daraja, na mvua ilikuwa inaruka kutoka ardhini.

Mwalimu aliushika ukurasa huo muda mrefu. Nilimwona usoni: alikuwa amesahau kabisa. Hakuwa amemdanganya yule mwandishi wa gazeti. Alikuwa amekaa dirishani miaka yote hiyo akiamini kwamba anachokiona nje ndicho kinachotokea kwenye karatasi.

Akaurudia ule wa sura ya kwanza. "Hii yangu mbaya kweli."

"Ilikuwa ndiyo mwanzo, Mwalimu."

"Usinibembeleze, Kitaura."

"Mbaya, Mwalimu."

Nogami akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Mwalimu alihitaji mikono yetu miwili kuinuka. Alipokuwa mlangoni akasema bila kugeuka, "Iache huko iliko."

Nyuma ya jarida letu kuna safu ndogo ambamo kila mwandishi wa katuni huandika sentensi moja, aghalabu juu ya paka wake au mgongo unaouma. Toleo lililofuata, Mwalimu aliandika: Tangu sura ya tatu, mvua ya hadithi hii huchorwa na Kitaura Sumie. Tulimzunguka Dada Sumie alipofungua. Jina lilikuwa limekosewa. Sumie yake, kwa maandishi ya Kijapani, huandikwa kwa alama yenye maana ya maji maangavu. Wao walitumia ile ya wino, inayosomeka vivyo hivyo.

"Wameniita Wino," akasema, akacheka hadi akafuta macho kwa mkono wa shati. Bwana Shimazu alijitolea kusahihisha katika toleo linalofuata. Akamwambia aache tu. Aliikata ile sentensi kwa kisu cha zamani cha madoa, akaitia kwenye pochi.

Nisiseme kwamba mambo yalikaa vizuri baada ya hapo. Mwalimu alianza kumwita Bi Kitaura, kwa heshima ambayo ilimuuma kuliko amri. Na kwa miezi sita hakuandika "mvua" kwenye ukurasa hata mmoja. Fundi wetu alitembea juani, mkavu, sura baada ya sura.

"Watu watakufa njaa humu ndani," Nogami alininong'oneza. "Mpunga utaota wapi?"

Mwezi wa tisa ukaja ukurasa wenye alama ya buluu kwenye tabaka la juu: Kitaura, mvua, kubwa. Dada Sumie hakutumia brashi. Aliuweka ukurasa mzima kwenye kioo bila kuukuza, akafunga mikono ya shati, akashusha pumzi, akavuta. Mkono wa kushoto, uliozoea kukaa kwenye kitufe cha kutengua, aliukalia.

Hadithi iliisha mwaka mmoja baadaye, fundi akiwa mzee, na chumba kikafungwa. Mwalimu anaishi kwa bintiye. Dada Sumie alirudi kwao, akapanga chumba juu ya duka la samaki wakavu, na asubuhi husaidia kuwaanika. Mchana anachora. Brashi anaendelea kuziweka ghalani: kuta zenye ukungu, moshi wa jikoni, mawe ya ufukweni. Na katika mwaka wake wa hamsini na saba ameanza hadithi yake mwenyewe, ya kurasa ishirini na nne, kuhusu mwanamke anayewatembezea majirani kitabu.

Anapata shida na nyuso. Hajawahi kuchora uso kwa kazi maisha yake yote, na sasa anajifunza kama wanaoanza. Nilipomtembelea majira ya kuchipua alinifungulia ukurasa wa tano, ambapo mama amesimama mlangoni kwa jirani, kitabu mkononi.

"Sema kweli," akaniambia. "Usinibembeleze."

Nikautazama. Kibaraza kilikuwa kinanuka mbao mbichi, jinsi kilivyochorwa. Uso ulikuwa na kitu kilichonifanya nitake kujua huyo jirani atajibu nini.

"Sikio limekaa juu mno, Dada."

"Nalijua hilo," akasema, akavuta kiti, akachukua kalamu.